Nusu ya A

Mashua ilikuwa imelazwa juu ya magogo matatu, ufuoni Sori kwenye ghuba ya Karungu, na fundi alikuwa ameweka kiganja kwenye ubao wa juu kama mzazi anayempima mtoto homa. Hakusema kitu. Alisogea hatua moja, akakiweka tena, akasogea tena, hivyo hivyo kutoka omo hadi tezi. Mbao zilikuwa zimeshapigwa kalafati, maungio yamefunikwa vipande vya bati, na mwenye mashua alitaka rangi ianze siku hiyo hiyo. Fundi aliporudi mbele alitikisa kichwa.

"Bado inapumua," alisema. Maana yake ubao una maji ndani. Tukarudi kesho yake, na kesho kutwa pia.

Fundi huyu ana kibanda mjini Homa Bay, upande ule unaotazama kilima cha Asego, na riziki yake ya kila siku ni mabango: kinyozi, duka la dawa, hoteli ya samaki, geti la shule. Akiitwa kuchora mashua hufunga kibanda, akapanda matatu kwa njia ya Mbita, Sindo na Magunga mpaka huku Migori, brashi zake zimeviringishwa ndani ya kipande cha kitambaa cha meza. Mabango yanamlipa vizuri zaidi. Nilipomuuliza kinachomleta mbali hivyo, alisema bango husomwa na mtu anayetafuta duka, ila mashua hutazamwa na mtu aliyekaa tu, na mtu aliyekaa huona makosa yote.

Mimi ni mzaliwa wa Migori mjini. Tangu utotoni nimepita kwenye fuo hizi za Nam Lolwe, ziwa ambalo ramani huliita Victoria: Muhuru, Sori, Sindo, Luanda Rombo, Litare. Nimeona mashua zilizopambwa kwa pembetatu, almasi na mistari ya kupinda kama nyoka, na nikadhani ni urembo tu wa kufurahisha macho. Sikujua kwamba mikononi mwa fundi kama huyu pembetatu ni herufi iliyosogezwa karibu na mwenzake mpaka ikasahau jina lake.

Siku ya tatu kiganja kiliridhika. Alianza na msasa wa 80, akafuatisha na wa 120, akipiga kwa kufuata nyuzi za mti bila kuzikatiza kamwe. Penye kifundo alikwangua zaidi, kwa sababu hapo utomvu huweza kutoka baadaye na kuivimbisha rangi, kisha akajaza pati kwa kisu bapa na kuipiga msasa tena ilipokauka. Rangi ya kwanza ilikuwa nyeupe, imeongezwa tapentaini hadi ikawa nyepesi kama maziwa ya muuzaji mwenye tamaa. "Hii ya kwanza ni ya ubao kunywa," alisema. "Ya kutazamwa inakuja." Baadaye zikaja tabaka mbili za buluu, kila moja asubuhi yake. Saa saba ikifika alikuwa ameshafunika kopo, maana mchana upepo wa ziwani hubeba mchanga, na mchanga ukishaingia kwenye rangi mbichi hautoki bila ugomvi.

Wakati buluu inakauka, alikaa juu ya debe lililopinduliwa, akapasua katoni ya mafuta ya kupikia, akachukua penseli bapa ya seremala na kuandika jina ambalo wuon yie, mwenye mashua, alikuwa amelichagua: HERA. Kwa Dholuo ni mapenzi. Mwenye mashua alitaka jina lisomeke ubavuni, na ukanda wa pambo uizunguke mashua pande zote, "utoke kwenye jina hilo hilo." Hakuongeza maelezo. Alikwenda zake kutafuta mashine.

Fundi akaanza kuzihoji herufi moja moja. Alichora H sita zilizoshikana, kila moja ikitumia nguzo ya jirani yake.

"Unaona nini, nyathina?"

"Naona ua wa fito, Jaduong'."

"Basi. H imekufa."

Akachora nyingine sita, safari hii akiacha upana wa kidole kati yake. Sasa zilisomeka, lakini zilikuwa zimesimama kama foleni ya benki, hakuna inayomjua mwenzake. E alipozipanga zikawa vitana, meno yote yakielekea upande mmoja. R hata hakuimaliza. R, alisema, ina kifua na ina mguu unaotembea. Mashua ina pande mbili na pambo la kila upande lazima liende mbele, kuelekea omo. Upande wa kulia wa mashua R itakwenda mbele kama inavyotakiwa. Upande wa kushoto itakwenda kinyumenyume. Ukiigeuza ili nayo ikaze mwendo mbele, itakuwa R ya kwenye kioo. "Hapo watasema fundi hakufika darasa la kwanza."

A haina shida hiyo. Ikunje katikati, nusu zake zinafunikana. H nayo ni hivyo, pamoja na I, M, O, T, U, V, W, X na Y. Hizi 11 fundi anazijua kwa kichwa, na huzitaja kama mchungaji anayetaja ng'ombe wasiosumbua.

Hapa pana jambo lililonichekesha. V ikijirudia huwa mawimbi, X ikijirudia huwa wavu, na hakuna mapambo yanayofaa mashua ya mvuvi kuliko wavu na mawimbi. Lakini katika Dholuo V na X hazina kazi. Hakuna neno linalozihitaji. Zimekaa bure kwenye alfabeti zikisubiri kuitwa kwenye urembo. A na O ndizo hazipumziki. Majina mengi ya Kijaluo huanza na O kwa mwanamume na A kwa mwanamke, Otieno na Atieno, Ochieng' na Achieng', kwa hiyo mwandishi wa mabango wa Homa Bay ameshachora herufi hizo mbili juu ya milango ya maduka mpaka mkono wake unazifanya bila kumuuliza.

Alichora A moja kwenye katoni. Kando yake akachora nyingine kichwa chini, miguu juu, ikaingia katika nafasi iliyoachwa na ya kwanza kama mtu anayekaa kwenye benchi lililojaa. Halafu ya tatu, imesimama. Mguu wa kila moja ulikuwa umelala mshazari sambamba na mguu wa jirani. Nilikuwa nikingoja atie kivuli kwenye herufi. Akatia kivuli kwenye uwazi uliobaki kati yake, na ghafla katoni ikawa na njia moja ya kupanda na kushuka, isiyokatika, inayopita kati ya A zote bila kugusa hata moja. Mimi nilikuwa nimetazama herufi muda wote ule. Yeye alikuwa akitazama njia.

Vipimo alivyoandika pembeni vilikuwa hivi: kimo sentimita 20, kitako 12 na nusu, unene wa mguu 2 na nusu. Na uwazi? Nao 2 na nusu. Uwazi ukiwa mwembamba kuliko mguu, jicho huona A tu na njia hupotea. Ukiwa mpana, A zinatawanyika kama kuku. Vikilingana, jicho haliwezi kuamua lipi ni pambo na lipi ni ubao, kwa hiyo huendelea kutazama.

Wanahisabati wamethibitisha kwamba mchoro unaojirudia kwenye ukanda una namna 7 tu za kujirudia, hata ukichora nini. Paulus Gerdes, aliyefanya kazi Msumbiji miaka mingi, alizikuta zote 7 kwenye vikoba vya kusuka vya Inhambane, vile viitwavyo sipatsi, ambavyo wasusi wake hawakusubiri ruhusa ya mwanahisabati yeyote. Ukanda wa fundi wetu ni mojawapo ya hizo 7: unaweza kuukata katikati ya A yoyote na nusu zikalingana, au kuupindua wote juu chini na usione umbo lililobadilika. Nilipomweleza habari hiyo alinisikiliza kwa adabu, akaniomba nimshikie upande mmoja wa karatasi.

Karatasi ile aliikunja mara moja, akachora nusu ya A kwenye mkunjo, akakata kwa wembe tabaka zote mbili pamoja. Ilipofunguliwa ilikuwa A isiyopendelea upande. Hakuna rula inayoweza kukupa ulinganifu huo. Kisha akatoa kwenye begi filamu kuukuu ya eksrei. Waandishi wa mabango wanaipenda filamu hii kwa sababu haipasuki, haivimbi kwa rangi na huoshwa mara mia. Ukiiloweka kwenye dawa ya kufulia, ile ya kung'arisha nguo nyeupe, picha hutoka na filamu hubaki angavu. Hii alikuwa ameiosha nusu tu. Pembeni zilionekana bado mbavu tatu za mtu, nyeupe na nyembamba, na nyuma yake, ndani ya mashua isiyomalizika, mataruma yaliyopinda vile vile.

Kukata A kwenye filamu kuna mtego, na niliangukia humo mwenyewe. Fundi alinipa kipande kilichobaki nijaribu O. Nilizungusha wembe nje, nikazungusha ndani, nikaona nimeweza, na lile duara la katikati likadondoka mchangani kama sarafu. Nilikuwa na tundu, sina O. A nayo ina kisiwa chake, kile kipembetatu cha juu, na kisiwa bila daraja huondoka na maji. "Kama Rusinga bila daraja la Mbita," fundi alisema, akiokota duara langu na kuliweka mfukoni, sijui la kazi gani. Yeye aliacha madaraja mawili kwenye A yake, moja kileleni na jingine katikati ya ufito wa kukata, kila moja jembamba kuliko punje ya mchele. Wembe aliutumia kwa kuuvuta kuelekea kwake, polepole, pumzi imeshikwa. Penye kona hakugeuza wembe, aligeuza filamu.

Mmarekani W. A. Dwiggins, mchoraji wa herufi na vitabu wa nusu ya kwanza ya karne ya 20, alifanya kazi yake ya mapambo kwa njia iliyo karibu sana na hii. Alikata maumbo madogo kwenye seluloidi, ambayo ni binamu wa filamu, kisha akayarudia na kuyageuza mpaka vipande vichache vikajaza ukurasa. Nilimwonyesha fundi picha za kazi hiyo kwenye simu. Aliisogeza simu karibu na uso, akaitazama muda mrefu kuliko alivyonisikiliza habari za hisabati.

"Huyu anajua kuacha," alisema.

Kupima ndiko kulikochukua muda mwingi kuliko kazi nyingine yoyote, na ndiko kulikowachosha vijana waliokuwa wamesimama kutazama. Waliondoka mmoja mmoja. Ubao wa juu haukunyooka. Unapanda kuelekea omo kama mgongo wa paka. Uzi wa chaki haufai hapo, kwa sababu ukiuvuta na kuuachilia hupiga mstari ulionyooka tu. Alichukua bomba jembamba la plastiki, lile la kupitishia nyaya za umeme, akalilaza ubaoni na kuliacha lipinde kwa hiari yake, mimi nikilishika huku na kijana mmoja akilishika kule, ndipo akapitisha penseli. Mstari wa pili akaupima sentimita 20 chini ya ule wa kwanza, na ukanda ukapatikana.

Sasa kugawa. Alitoa uzi wa kushonea nyavu, akaulaza juu ya mstari kuanzia omo hadi karibu na tezi, akibakiza mahali pa H moja ya kufungia. Tepu ikasema mita 6 na sentimita 40. Mtu wa shule angechukua kikokotoo. Fundi alikunja uzi katikati, akaukunja tena, na mara ya tatu, akapata vipande 8 vya sentimita 80, akavitia alama ubaoni. Hakuendelea kukunja, maana uzi wenye mikunjo mingi hudanganya. Alikata utepe wa karatasi wenye urefu wa sentimita 80, akaukunja mara tatu na huo, na mikunjo ikampa sentimita kumi kumi. Utepe huo akauhamisha kutoka kipande hadi kipande, akiweka nukta za penseli. Vipande 64. Kwenye kila nukta utasimama mhimili wa A moja, iliyosimama au iliyopinduliwa kwa zamu.

Alipomaliza alirudi nyuma hatua ishirini, akakunja mikono. Karibu na omo, ambako ubao unajipinda kumkimbia mtazamaji, nukta zilionekana zimebanana, ingawa tepu ilisema zimelingana. Alirudi akazifuta sita za mwanzo na kuzisogeza, hii nusu kidole, ile robo, akarudi tena nyuma kutazama. Mara nne alifanya hivyo. Tepu ikawa sasa haikubaliani naye, lakini macho yangu yalikubali.

Asubuhi iliyofuata zilianza A zilizosimama, nyeupe. Brashi yake ya kazi hii ni fupi, manyoya magumu, ameipunguza mwenyewe kwa mkasi. Aliichovya, akaigonga juu ya katoni mara kadhaa mpaka ikabaki na rangi kidogo tu, ndipo akaipeleka kwenye filamu. Haipaki; inagonga, wima, tap tap tap, kuanzia kingo kuelekea katikati. Rangi ikizidi itapenya chini ya filamu na A itaota ndevu. Akamaliza, akainua filamu kwa kona mbili kama anayefunua mtoto aliyelala, akasogea nukta ya pili yake. Kila baada ya tano aligeuza filamu na kuifuta mgongo kwa kitambaa chenye tapentaini. Hakuharakisha ya thelathini kuliko ya kwanza. Nilijaribu kuhesabu mapigo ya brashi kwenye kila A, nikapata arobaini na kitu, na idadi haikupanda wala kushuka sana hadi mwisho.

Mdudu wa ziwani, mmoja wa wale wanaopaa majini kwa makundi kama moshi, alitua kwenye A ya kumi na moja na kunasa. Mkono wangu ukaenda. Fundi akaushika.

"Mwache. Ukimtoa sasa ataondoka na rangi. Akikauka atatoka mwenyewe."

Kesho yake, nyeupe ilipokuwa imekauka, filamu ile ile ikapinduliwa na A za njano zikaingia katikati, kichwa chini. Kwa pande mbili za mashua zilikuwa A kamili 126, ukiacha zile nusu za miishoni. Njia ya buluu ilijitokeza kidogo kidogo kadiri alivyosonga, ikipanda, ikishuka, na hakuna mahali alipoichora. Baadaye alichukua brashi nyembamba akaziba madaraja ya kileleni yote, moja moja. Yale ya kwenye ufito akayaacha. Nilidhani amesahau, mpaka niliposimama mbali nikaona vile vitobo vidogo vikimetameta kwenye mstari mzima kama magamba ya omena juani. Kwenye tezi akasimamisha H yake, mlinzi mlangoni.

Jina aliliandika kwa mkono mtupu. Mkono wa kulia ulilalia fimbo yenye kichwa cha kitambaa, ambacho aliegemeza mahali pakavu, na brashi bapa ikavutwa juu hadi chini kwa pumzi moja. R, iliyokataliwa kwenye ukanda, hapa ilipewa muda kuliko zote. Mguu wake aliurefusha kidogo ukaenda kuikaribisha A. Namba ya usajili ilikuja baadaye, nyeusi juu ya nyeupe, bila kikono wala kivuli. Hiyo ni ya kusomwa na maafisa wa samaki kutoka mbali, alisema, na afisa hana haja ya urembo.

Alikuwa ameacha omo kwa makusudi. Kwenye nukta ya mwanzo, kila upande, palikuwa na nafasi ya nusu A tu: mguu mmoja na nusu ya ufito. Alikunja filamu katikati, akagonga nusu ya kulia, akahamia upande wa pili na kugonga ya kushoto, kisha kwa brashi ndogo akaunganisha vilele viwili juu ya kichwa cha omo. Ukisimama ubavuni huoni chochote cha maana, vipande tu.

Akavua viatu, akakunja suruali, akaingia ziwani mpaka magotini na kugeuka kuitazama mashua uso kwa uso. Nikamfuata. Kutoka pale nusu mbili zilikuwa zimekutana na A moja kubwa ilisimama mbele yetu, imepanua miguu kwenye mashavu mawili ya mashua, mahali ambapo ataiona tu mtu anayeingoja irudi.

Mwenye mashua alipiga kofi moja kutoka ufuoni. Fundi hakumtazama. Aliinamisha kichwa kushoto, akakiinamisha kulia, akafumba jicho moja.

"Mguu wa kushoto uko chini," alisema. "Kidogo. Nenda kaniletee wembe."